Kiwambo kimoja, bunduki tatu: Kuazimana kwenye shabaha kuwe na sheria

MASHABIKI wa soka wana neno lao: kaliba. Kiungo akipiga pasi tatu za maana, jukwaa linasema huyu ni kaliba nyingine. Straika akikosa penalti, hapo hapo anaambiwa hana kaliba ya kuvaa jezi ya timu kubwa. Wiki inayofuata akifunga mawili, kaliba inarudi.

Kwenye mchezo wa kulenga shabaha, kaliba si maneno ya jukwaani. Ni kipimo. Ni kipenyo cha risasi na cha tundu la mtutu inamopita, na kipimo hicho hakibadiliki kwa sababu mtu ameamka vizuri. Tofauti ya milimita mbili tu inaweza kuamua kama mazoezi yataisha kwa kuhesabu pointi au kwa kukimbizana hospitali.

Ndiyo maana lipo swali moja ambalo viongozi wa mchezo huu hawapaswi kuwaachia vijana walijibu wenyewe kijiweni. Je, kiwambo kimoja cha kupunguza sauti kinaweza kuzungushwa kwenye bunduki mbili au tatu zenye kaliba tofauti?

Jibu fupi ni ndiyo, lakini kwa masharti. Tatizo ni kwamba wengi wanalisikia lile "ndiyo" na kuondoka kabla ya kusikia masharti.

Anayefuatilia mpira wa mchangani Morogoro ataelewa haraka. Kuanzia Kihonda hadi Mafisa, kuazimana njumu ni jambo la kawaida. Anayetoka anavua, anayeingia anavaa. Mwenye mguu namba 42 akipewa kiatu namba 44 anaongeza soksi, anakaza kamba, mechi inaendelea. Mwenye mguu namba 44 akijilazimisha kwenye kiatu namba 42, dakika ya kumi anachechemea.

Kiwambo kina tabia hiyo hiyo. Kikubwa kinaweza kuhudumia kidogo, kidogo hakiwezi kuhudumia kikubwa. Tofauti ni kwamba kiatu kikikosewa adhabu yake ni malengelenge, na kiwambo kikikosewa adhabu yake ni vipande vya chuma karibu na uso wa mtu.

Kwanza kifaa chenyewe kieleweke, maana filamu zimewadanganya wengi. Kiwambo hakigeuzi mlio wa bunduki kuwa mnong'ono. Ni bomba linalofungwa kwenye mdomo wa mtutu, na ndani yake kuna visahani vyenye tundu katikati. Risasi inapita kwenye tundu hizo bila kugusa kitu. Gesi ya moto inayoisukuma inanaswa kwenye vyumba kati ya visahani, inapungua kasi, inapoa, kisha inatoka polepole. Ni kazi ile ile ya ekzosi ya pikipiki. Ondoa ekzosi, mtaa mzima unajua bodaboda fulani imepita.

Hata historia ya vifaa hivi imekaa hivyo. Mmarekani Hiram Percy Maxim alipata hataza ya kiwambo chake mwaka 1909. Baba yake, Hiram Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha yenye jina lao, aina ya silaha ambayo Wajerumani waliitumia dhidi ya wapiganaji wa Majimaji. Moja ya siku mbaya za vita hiyo ilikuwa Agosti 30, 1905 pale Mahenge, ambayo leo iko mkoa huu huu wa Morogoro. Baba alileta kelele, mtoto akatafuta namna ya kuipunguza.

Sasa turudi kwenye masharti.

Sharti la kwanza ni tundu. Risasi ya kaliba .223, ambayo wengi huijua kama 5.56, ina kipenyo cha milimita 5.7 hivi. Ya .308 ina milimita 7.8. Kiwambo kilichotengenezwa kwa ajili ya .308 kikifungwa kwenye .223, risasi inapita na nafasi inabaki pembeni. Hasara ni kwamba gesi kidogo zaidi inawahi kutoroka, hivyo mlio unaongezeka kwa desibeli chache. Hiyo ni hasara ya kuvumilika. Ukigeuza, yaani kiwambo cha .223 ukakifunga kwenye .308, risasi inakutana na chuma. Hakuna fundi wala kocha wa kuokoa hapo.

Wawindaji wa wanyama wakubwa wako mbali zaidi. Bunduki ya .375, inayochukuliwa kuwa kiwango cha chini kwa nyati na tembo, inarusha risasi ya milimita 9.5. Ya .458 inarusha risasi ya milimita 11.6. Hao hawana cha kuazima kwa walenga shabaha wa .308, hata wawe marafiki wa miaka ishirini.

Sharti la pili ndilo linalowanasa wajanja: presha. Mtu anaweza kupima tundu, akaona linatosha, akadhani amemaliza kazi. Hajamaliza. Risasi ndogo ya .22 ya mazoezi na risasi ya .223 zina kipenyo kinachokaribiana mno. Ukizilaza mezani bila maganda yake, asiyezijua anaweza kusema ni ndugu. Lakini ndani ya chemba, .22 hufikia presha ya pauni 24,000 hivi kwa kila inchi ya mraba, na .223 hufikia pauni 55,000. Tairi la gari dogo hujazwa kwa pauni kama 30 tu kwa kipimo hicho hicho. Kiwambo chepesi cha .22 kikifungwa kwenye .223, tundu litakubali lakini bomba linaweza kupasuka.

Mtego huo upo pia kwa wakubwa. Bunduki ya .300 Winchester Magnum hutumia risasi yenye kipenyo sawa na .308, lakini inachoma baruti nyingi zaidi. Vivyo hivyo kiwambo cha bastola ya milimita 9. Tundu lake ni kubwa kuliko risasi ya .308, lakini hakikujengwa kubeba gesi ya bunduki ndefu. Beki wa kati anaweza kuvaa glovu za kipa zikamtosha vidole vyote, na bado zisimfanye kipa.

Kwa hiyo maneno ya kushika ni haya: kiwambo cha kuazimana kichaguliwe kwa risasi pana kuliko zote na kwa bunduki yenye nguvu kuliko zote katika kundi, kama mtengenezaji wake alivyoandika. Mtengenezaji akisema hapana, ni hapana. Hakuna VAR.

Sharti la tatu ni mahali pa kufungia. Kiwambo hushikwa na nyuzi zilizochongwa kwenye mdomo wa mtutu, na nyuzi hizo hazifanani. Bunduki nyingi za .223 za Marekani zina nyuzi za nusu inchi, na za .308 zina nyuzi za inchi tano kwa nane. Za Ulaya hupimwa kwa milimita. Bunduki za familia ya AK nyingi zina nyuzi za milimita 14 zinazofungwa kwa kuzungusha kushoto. Anayezungusha kiwambo kwenye bunduki tofauti atahitaji kiunganishi cha kila moja, na kila kiunganishi ni nafasi nyingine ya kupinda.

Hapo ndipo uzembe mdogo huwa mkubwa. Kiwambo kikikaa upande kwa kiasi ambacho jicho halioni, kule mwisho wa bomba risasi inakuwa imeshasogea karibu na kingo za tundu. Ikigusa kisahani kimoja, inayumba, inararua vingine, na inatoka kuelekea isikotumwa. Kwa sababu hiyo wenye mchezo huu hutumia fimbo nyembamba iliyonyooka. Bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa, fimbo inapitishwa ndani ya mtutu hadi itokeze kwenye kiwambo, kisha inaangaliwa kama imekaa katikati. Ni kazi ya dakika moja. Refa hukagua njumu kabla ya kipyenga kwa sababu hiyo hiyo.

Kwenye hili kuna onyo kwa wenye bunduki za zamani ambazo mdomo wake haukuchongwa nyuzi kabisa. Dawa si kumpelekea fundi wa mageti achonge na kuchomelea. Mtutu si bomba la maji, na kubadili silaha kienyeji ni kesi hata kabla ya kuwa ajali.

Sharti la nne ni shabaha yenyewe. Kiwambo kina uzito, mara nyingi kati ya gramu 300 na 600. Ukiuweka uzito huo mwisho wa mtutu, mtikisiko wa mtutu unabadilika na risasi inahama pale ilipokuwa ikipiga. Kila bunduki huhama kwa namna yake. Inayoshuka kidogo na inayokwenda kushoto zinaweza kuwa zimefungwa kiwambo kile kile asubuhi ile ile. Anayeazima lazima apige risasi za kulinganisha kwanza, aandike kilichotokea, ndipo aanze kuhesabu pointi. Bila hivyo mtu atalaumu darubini, atalaumu upepo wa mlimani, na mwisho atamlaumu kocha.

Sharti la tano ni uchafu na joto. Risasi za .22 nyingi ni za madini ya risasi yasiyovikwa shaba, na huacha masizi na vipande vinavyoganda ndani. Kiwambo kinachofunguka husafishika. Kisichofunguka, kikitumiwa sana kwenye .22, kinajaa taratibu, kinakuwa kizito, na njia ya gesi inaziba. Aidha, kiwambo kilichopigiwa risasi nyingi mfululizo huunguza kama sufuria iliyotoka jikoni. Kukihamisha haraka kwenda bunduki nyingine kwa mkono mtupu ni kutafuta kovu, na kukifunga kwa pupa ni kukiacha kilegee katikati ya mazoezi.

Masharti matano. Mtu anaweza kuuliza, kwa nini basi wasikatazwe tu kuazimana, yaishe?

Kwa sababu ya masikio, na kwa sababu ya mfuko.

Mashabiki wanaikumbuka vuvuzela ya Kombe la Dunia 2010 Afrika Kusini. Ikipulizwa karibu na sikio ilikuwa inafika desibeli 120 hivi, na dunia nzima ililalamika. Mlio wa bunduki ndefu hukaribia desibeli 160, na nyingine huvuka. Kwa hesabu za desibeli, kila kumi zinazoongezeka ni nguvu ya sauti mara kumi, hivyo kutoka 120 hadi 160 ni mara elfu kumi. Wataalamu hutaja desibeli 140 kuwa mpaka ambao mlio mmoja wa ghafla unaweza kuliumiza sikio moja kwa moja. Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Hakuna dirisha dogo la usajili la kuleta nyingine.

Kiwambo kizuri hupunguza kati ya desibeli 20 na 35. Hakifuti mlio, na risasi inayokwenda kasi kuliko sauti bado itapasua hewa, lakini kinaushusha hadi jirani na mpaka ule. Ukiongeza viziba masikio, kijana anaweza kufanya mazoezi miaka kumi na bado akasikia mwanaye akimwita. Nchi za Nordic kama Finland na Norway zimeliona hilo siku nyingi. Kule, kiwambo kwa mwindaji ni kifaa cha afya na adabu kwa majirani.

Adabu kwa majirani si jambo la mbali kwa Morogoro. Mji kasoro bahari umekaa chini ya milima ya Uluguru, na mlima haumezi mlio, unaurudisha. Wanaolima mabondeni na wanaopandisha njia za Morningside wanajua jinsi sauti ya mjini inavyopanda. Mkoa wenyewe si mgeni wa habari za risasi. Shirika la Mzinga, lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, liko hapa na huzalisha risasi. Mikumi iko jirani, na kusini yake kuna maeneo ya zamani ya uwindaji ya Selous na bonde la Kilombero. Askari, maofisa wa wanyamapori na wawindaji wenye leseni, wote wamepita hapa. Kama kuna mkoa unaopaswa kuwa na utaratibu mzuri wa mchezo huu, Morogoro uko mstari wa mbele.

Upande wa mfuko, hesabu haihitaji chuo. Klabu yenye bunduki tatu haiwezi kununua viwambo vitatu wakati hata risasi za mazoezi zinahesabiwa. Kiwambo kimoja cha .308 kinachofunguka, chenye viunganishi sahihi, kinaweza kuhudumia .308, .223 na hata .22 pale mtengenezaji anaporuhusu. Hapo kuazimana kunakuwa akili, si umaskini.

Lakini hapa lazima ukweli usemwe wote. Kuna watu wakisikia neno kiwambo wanafikiria ujangili, na hawajakosea kuwa na wasiwasi. Sensa ya mwaka 1976 ilikadiria tembo zaidi ya 100,000 katika ikolojia ya Selous na Mikumi. Ile ya mwaka 2013 ilipata takribani 13,000. Mkoa uliopoteza kiasi hicho una haki ya kukitazama kwa jicho kali kifaa chochote kinachopunguza mlio wa bunduki porini.

Ndiyo maana kuazimana kwa kienyeji hakufai kabisa. Silaha humilikiwa kwa leseni ya mtu, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wa kuulizwa kuhusu silaha na vifaa vyake ni Jeshi la Polisi. Kifaa kinachotoka mkono huu kwenda mkono ule bila daftari kinaweza kuanzia uwanja wa shabaha Jumamosi na kuishia mahali pasipojulikana Jumatano. Siku kikikamatwa, mchezo mzima utavaa lawama, wakiwamo vijana ambao hawajawahi kukanyaga hifadhini.

Wapo pia watakaosema mjadala huu ni wa bure kwa sababu kiwambo hakileti medali. Kwa sehemu wana hoja. Olimpiki, ambako shabaha imekuwapo tangu michezo ya kwanza ya 1896, bunduki ndefu hushindana kwa kaliba zilizopangwa: ya upepo ya milimita 4.5 kwa mita 10, na ya 5.6 kwa mita 50. Kanuni za shirikisho la dunia, ISSF, hazitaki hata breki za mdomo wa mtutu kwenye mashindano hayo. Mturuki Yusuf Dikeç alichukua fedha Paris 2024, kwenye bastola ya upepo ya timu mchanganyiko, akiwa na miwani ya kawaida na viziba masikio tu. Dunia ikampenda kwa hilo.

Lakini hata yeye aliziba masikio. Na njia ya kufika kwenye mashindano ya aina yoyote, iwe BAMMATA ya majeshi au michezo ya polisi ya EAPCCO, ni mazoezi ya maelfu ya risasi. Medali hutolewa siku moja, sikio linaharibika katika zile siku nyingine zote.

Kinachotakiwa si kikubwa. Chama cha mchezo wa shabaha, kikisimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa na kushirikiana na Polisi, kiandike kanuni za ukurasa mmoja zibandikwe kila uwanja wa kulengea.

Kila kiwambo kiwe na namba, na kaliba ya juu inayoruhusiwa iandikwe juu yake kwa maandishi yasiyofutika. Kiwe na daftari: nani amekichukua, kwenye bunduki ipi, saa ngapi, amerudisha saa ngapi. Kisifungwe bila msimamizi kukagua nyuzi na kupitisha fimbo. Kila kinapohama bunduki, risasi za kulinganisha zipigwe kwanza. Kisitoke nje ya uwanja bila kibali cha mwenye mamlaka. Na viziba masikio viwe lazima, kiwambo kiwepo kisiwepo, kwa anayepiga na anayetazama.

Halafu liwepo sharti moja la kibinadamu: msimamizi awe na mamlaka ya kusema hapana hata kwa mkubwa. Kwenye michezo mingi hapa nchini kanuni hufa pale bosi anapofika akiwa na haraka. Bosi mwenye .375 na kiwambo cha .308 anahitaji kuambiwa hapana kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, hiki hakiingii hapo," na mazoezi yaendelee. Kumnyamazia si heshima.

Wale vijana wa mchangani wenye njumu za kuazimana wameshaonyesha njia. Kabla ya kuvaa, kila mmoja huangalia namba iliyo chini ya soli. Hakuna anayeona aibu kusema hiki hakinitoshi, tafuta kingine. Wenye bunduki nao waanzie hapo: wasome namba kwanza, wafunge baadaye.